Mjane Asiye na Mtoto: Uhakiki wa Sentensi Moja ya Sheria za Urithi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kupima tenzi, riwaya na tamthilia. Ni nadra kumwona mmoja wao akiichukua kanuni ya sheria na kuiuliza maswali yale yale aulizayo juu ya ubeti wa shairi: nani anena hapa, ananena na nani, na nani ameachwa nje ya maneno haya? Hata hivyo sheria ni maandishi kama maandishi mengine, na yako maandishi ya sheria katika Kiswahili yaliyogusa maisha ya watu wengi kuliko diwani yoyote tuisomayo darasani. Katika makala haya nakusudia kuhakiki sentensi moja tu, nayo ni Kanuni ya 27 ya Sheria za Urithi, zilizotangazwa pamoja na Sheria za Wosia katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963.

Kanuni hiyo, nikiisimulia kwa maneno yangu, yasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza wao. Umbo lake ndilo hilo: nusu mbili, moja ya kunyima na moja ya kupa, zimeunganishwa na neno la fungu litokealo katika kila nusu.

Sikuitafuta sentensi hii maktabani, bali ililetwa mlangoni pangu. Nakaa Upanga, katika nyumba za ghorofa zilizo kati ya Hospitali ya Muhimbili na barabara iendayo Kariakoo, na jirani yangu wa chini ni mama wa makamo aliyefiwa na mumewe. Jina lake silitaji. Majirani wote wamwita Shangazi. Desturi yetu, kama ijulikanavyo, ni kumwita mwanamke kwa jina la mtoto wake: Mama Fulani. Asiye na mtoto hupewa jina la kuazima, na yeye aliazimwa la Shangazi, akawa shangazi wa ngazi nzima. Siku moja alipanda kwangu na nakala ya ukurasa wa Sheria za Urithi aliyopewa na msaidizi wa sheria, akaweka kidole juu ya Kanuni ya 27.

“Mwalimu,” akasema, “wewe ni mtu wa lugha. Hebu nisomee hapa. Wamesema watoto wake. Mimi nisiye naye, nimo au simo?”

“Shangazi,” nikamjibu, “katika nusu ya kwanza umo. Katika nusu ya pili humo.”

Nilijibu upesi, kama ilivyo desturi mbaya ya walimu. Baadaye niliona kwamba jibu langu lilikuwa sahihi kwa sarufi na kwamba ubaya wote wa sentensi ile ulikuwa umelala ndani yake. Natueleze kwa utaratibu.

Nusu ya kwanza ina sharti, nalo limetajwa wazi: ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo. Mtungaji alijua kwamba yawezekana mtu akafa bila jamaa, akaweka neno la “ikiwa”. Nusu ya pili nayo ina sharti lake, ila halikutajwa. Maneno “watoto wake” hayasemi kwamba mjane ana watoto, bali yalichukulia jambo hilo kuwa limekwisha kukubaliwa na wote wasikiao. Wanaisimu wanaijua vema tofauti hii kati ya jambo linalosemwa na jambo linalochukuliwa kuwa lipo. Linalosemwa laweza kukanushwa, lakini linalochukuliwa kuwa lipo hupita bila kuulizwa, mpaka atokee mtu ambaye kwake halipo.

Tutazame na kitenzi chenyewe. Haki ya mjane imetolewa katika kauli ya kutendwa: kutunzwa. Katika mazungumzo ya kawaida kauli hiyo yaweza kusimama bila mtenda. Twasema “mgonjwa ametunzwa” na hatuulizi ni nani aliyemtunza. Katika sheria haiwezekani, kwa sababu haki isiyo na mtu wa kudaiwa ni maneno matupu. Hapa mdaiwa ni watoto. Mwondoe mdaiwa huyo, na kitenzi chabaki kikining’inia: kutunzwa, na nani? Hali kadhalika katika kishazi cha mwisho, kiambishi -wa- cha “alivyowatunza” charejea watoto. Kwa mwanamke kama jirani yangu hakina wa kumrejea, na kwake yeye kishazi kizima hakina maana, si ya kweli wala ya uongo.

Na sentensi hii ni nzuri, jambo ambalo lazima likubaliwe na kila mhakiki mwenye haki. Kutunza kwarudi kama kutunzwa, mama na mtoto wabadilishana nafasi, na sikio husikia mizani kama ile ya methali. Mzee akiisema barazani, watu hutikisa vichwa kwa kukubali. Nami naamini kwamba uzuri huu ndio uliolificha tundu lake. Sentensi ya kawaida, yenye hesabu na masharti, humfanya msomaji aulize: je, na yule mwingine? Sentensi yenye mizani humtuliza, naye huona kwamba mambo yamekwisha kulingana. Mara nyingi tumewasifu watunzi kwa mizani ya namna hii. Katika ushairi mizani haimnyimi mtu nyumba yake.

Ili kuonyesha kwamba lawama hii si ya kubuni, yafaa tulinganishe sentensi ya 1963 na maandishi mengine mawili ambayo yaweza kubisha hodi katika nyumba ile ile ya Upanga. Maana Tanzania Bara haina sheria moja ya mirathi. Marehemu akiwa Mwislamu, na maisha yake yakaonyesha hivyo, mirathi yake hugawiwa kwa sheria ya Kiislamu. Akiwa mtu aliyeishi kwa mila za ukoo ufuatao baba, hugawiwa kwa Tangazo la 1963. Akiwa Mkristo aliyejitenga na maisha ya kimila, yaweza kutumika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865. Hiyo ni sheria ya enzi ya Malkia Victoria, ambaye mwenyewe alikuwa mjane tangu 1861. Ilitungwa kwa ajili ya Uhindi, ikaletwa Tanganyika pamoja na sheria nyingine za Kihindi kwa amri ya mwaka 1920. Wahindi wenyewe waliiacha mwaka 1925 walipotunga nyingine mahali pake. Sisi tumebaki nayo. Kwa hiyo katika ngazi moja ya Upanga wajane watatu waweza kukaa mlango kwa mlango, na kila mmoja akasomewa maandishi yake.

Natuweke mfano wa mali ya shilingi milioni 80, baada ya mazishi na madeni kulipwa. Kwa sheria ya Kiislamu, mke aliyeachwa na mume mwenye mtoto hupata thumuni, yaani milioni 10. Mume asiyeacha mtoto, mke hupata robo, yaani milioni 20; na wakiwa wake zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo. Kwa sheria ya 1865, mjane wa mume aliyeacha wazao hupata theluthi moja. Kama hapana wazao lakini wako jamaa wengine wa damu, hupata nusu, yaani milioni 40. Na kama hapana jamaa kabisa, hupata zote. Yapo mengi ya kubishana juu ya mafungu haya, nami si mwanasheria wa kuyaamua. Jambo ninalotaka msomaji alione ni mwendo wake. Katika maandishi yote mawili, yaliyotungwa katika zama, dini na lugha zilizo mbali mno, kukosekana kwa mtoto kwaliongeza fungu la mjane. Katika sentensi ya 1963 kukosekana kwa mtoto kwaliondoa hata lile dogo alilopewa.

Nadhani sababu yake ni ya lugha kwanza, ndipo ya mila. Sheria zile mbili zasema kwa hesabu, na hesabu hulazimisha swali la “na kama hayupo?” Anayeandika robo hana budi kueleza ni lini robo na ni lini thumuni. Tangazo la 1963 katika kanuni hii limesema kwa mfano wa maisha, na mfano wa maisha hutwaa maisha ya kawaida ya watu wengi.

Haifai kuwalaumu watungaji bila ya kutazama mahali waliposimama. Kazi ya kuzikusanya sheria za mila na kuziunganisha ilianza 1961, ikiongozwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii katika serikali ya Tanganyika, ambaye kabla ya hapo alikwisha kuandika juu ya sheria za Wahaya na za Wasukuma. Cory alifariki mwaka 1962, kabla Tangazo halijatoka. Wazee waliokaa vikao walitoka katika makabila yafuatayo ukoo wa baba, na waliloliona mbele yao ni mji wa shambani: nyumba ya mama, wana wake wa kiume waliooa na kujenga kando yake, migomba au ng’ombe. Katika mji huo kusema kwamba mjane atatunzwa na watoto wake si kumnyima kitu, ni kueleza yanayofanyika kila siku. Wala sidai kwamba Tangazo zima lihukumiwe kwa sentensi moja, au kwamba kanuni zake nyingine hazina la kusema juu ya wajane. Nahakiki sentensi hii kwa sababu ndiyo isomwayo barazani na katika vikao vya ukoo, na ndiyo ikumbukwayo. Kanuni yenye mizani hukumbukwa, na zilizo kavu husahauliwa kabatini.

Kutoka mji huo hata Upanga ni safari ndefu. Ardhi yenyewe ya Dar es Salaam ni ya Uzaramo, na Wazaramo kwa asili walifuata ukoo wa mama, hivyo Tangazo halikutungwa kwa ajili yao. Upanga ya leo ni mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa wingi katika miaka ya 1950 na jumuiya za Kihindi. Nyingi zikatwaliwa na serikali mwaka 1971 kwa sheria ya kutaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. (Katika mtaa huu mtu aweza kuishi miaka 40 katika nyumba, akafa, na warithi wakagundua kwamba alichoacha ni mkataba wa kupanga.) Hapana migomba hapa, wala mji wa mama. Pana chumba cha mbele, jiko, na labda sehemu ya duka Kariakoo. Ukimwambia mjane wa hapa kwamba fungu lake ni kutunzwa, umemwambia atoke.

Mahakama zetu zimeihisi kasoro hii kwa njia mbalimbali. Mwaka 1969 iliripotiwa hukumu ya Mahakama Kuu juu ya mirathi ya Mngoni mmoja Mkristo, aliyeoa mke wa Kichaga na kuishi muda mrefu Dar es Salaam mbali na maisha ya kabila lake. Mahakama iliona kwamba mila haikufaa tena kugawa mali yake, ikatumia sheria ya 1865. Yaani hakimu alitazama jinsi mtu alivyoishi, si mahali alipozaliwa. Nayastaajabia matokeo yake: mjane wa mjini katika nchi huru aliokolewa na sheria ya kikoloni iliyotungwa Uhindi miaka zaidi ya 100 kabla yake. Jambo hilo lapaswa kututia haya sisi tulioachiwa kazi ya kuandika.

Shauri mashuhuri zaidi ni la Ephrahim na Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990. Bibi Holaria Pastory, Mhaya wa wilaya ya Muleba, alikuwa amerithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Akazeeka, asiwe na mtu wa kumtunza, akaliuza shamba hilo mwezi wa Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Siku iliyofuata mtoto wa nduguye alikwenda kushtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akitegemea Kanuni ya 20, ambayo kwayo mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini hawezi kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ilibatilisha mauzo. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo kwa kutegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na Jaji Mwalusanya akakubaliana nayo: mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Jamaa alipewa miezi sita ya kulikomboa shamba kwa kulipa 300,000.

Mhakiki wa lugha hana budi kulisikia neno lililolala chini ya shauri hili: kutunza. Bibi huyu aliuza kwa sababu hakuwa na wa kumtunza. Kwa mantiki ya sheria za mila, jamaa huwa na haki juu ya mali kwa sababu wana wajibu wa matunzo. Katika maisha yake haki ilibaki na matunzo hayakuja, na aliyefika mahakamani siku ya pili alikuja kwa ajili ya shamba.

Kanuni ya 27 yenyewe haikuponywa na hukumu ile. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga mahakamani mwaka 2005. Mahakama Kuu, katika hukumu ya 2006, ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini ikaona si kazi yake kuzibadili mila kwa amri ya mahakama. Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa yao mwaka 2010 kwa kasoro ya kiutaratibu. Walikwenda mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake, nayo tarehe 2 Machi 2015 ikaamua kwamba Tanzania ilivunja wajibu wake.

Sasa limekuja jambo linalotuhusu sisi wa jarida hili moja kwa moja. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba maandishi ya Kiingereza, pamoja na sheria kongwe ya 1865 kadiri itakavyodumu, yahitaji kusemwa kwa Kiswahili, na kila neno litakalochaguliwa litakuwa ukuta au mlango kwa mtu fulani. Nataka kutaja maneno machache tu.

Neno la kwanza ni mjane. Katika Kiswahili lawahusu mke na mume pia, na baadhi ya wasemaji humwita mjane hata aliyeachwa au asiyeoa. Kwa mke aliyefiwa tuna kizuka, ila neno hilo ni la mwanamke aliyemo edani, miezi minne na siku kumi. Eda ikiisha, ukizuka nao umekwisha. Sheria itumiayo “mjane” bila kueleza ni wa kike au wa kiume yaweza kudhaniwa imempa mume aliyefiwa yale yale iliyompa mke, na si kila sheria imefanya hivyo.

Pili, namna ya kumtaja asiye na mtoto. Kamusi zetu zatoa tasa na mgumba. Nayakataa yote mawili katika sheria, kwa kuwa ni maneno ya mwili, tena ni maneno yatumikayo kuumiza; na zaidi ya hayo hayalengi. Mirathi haiulizi kama mwanamke aliwahi kuzaa. Yauliza kama yuko mzao aliye hai siku ya kifo. Mama aliyezaa sita na kuwazika wote si tasa, lakini mbele ya Kanuni ya 27 hali yake ni sawa na ya Shangazi. Sheria ya 1865 husema juu ya wazao wa moja kwa moja, na faraidhi nazo humhesabu mjukuu wa kwa mtoto wa kiume asipokuwapo mtoto. Basi “asiyeacha mzao” ni bora kuliko “asiye na mtoto”, ambayo mimi mwenyewe, kwa udhaifu, nimeiweka katika kichwa cha makala haya kwa sababu ndiyo ieleweka upesi.

Tatu, wosia, au wasia kama wasemavyo wengine, au usia. Neno hili lina sura mbili. Mwana Kupona wa Siyu, aliyefiwa na mumewe Bwana Mataka mwaka 1856, alimtungia binti yake utendi mwaka 1858; huo ni wasia wa mjane, lakini ni wasia wa mawaidha, na Werner na Hichens walipoutoa kwa Kiingereza mwaka 1934 waliutia katika kichwa cha kitabu neno la shauri. Aliye na binti aweza kumwachia maneno, na maneno yakafika. Asiye na binti huandika wosia wa namna ya pili, wa vitu, na huo haufiki bila mashahidi. Naona wasemaji wengi wa mjini huzichanganya sura hizi: huandika mawaidha mengi katika hati, kwamba ndugu wapendane na wasigombane, na sehemu ya mali wakaipitia kwa mstari mmoja.

Nne, na hapa pana hatari kubwa, ni jina la mtoto wa ndugu. Sheria ya 1865 ina kifungu kinachomhusu hasa mtu asiye na mzao. Yasema kwamba mwenye mtoto wa ndugu, wa kiume au wa kike, au jamaa aliye karibu zaidi ya huyo, hawezi kuusia mali kwa mambo ya dini au ya sadaka ila kwa wosia ulioandikwa si chini ya miezi 12 kabla ya kifo, na kuwekwa katika hifadhi ya kisheria ndani ya miezi sita. Waingereza walikuwa na hofu ya padri akaaye kando ya kitanda cha mgonjwa. Je, mtoto wa ndugu tumwiteje kwa neno moja? Wengi watakimbilia mpwa. Lakini kwa matumizi ya asili mpwa ni mtoto wa umbu, yaani mtoto wa dada, naye mwenye kusema ni mwanamume, mjomba mtu. Shangazi hana neno lililo wazi la kumwita mtoto wa kaka yake kama mjomba alivyo nalo. Siku hizi mjini mpwa limepanuka, hilo nakubali. Lakini mahakamani hukaa mzee ashikaye maana ya kale na kijana ashikaye maana mpya, na mali ya marehemu hulala kati yao. Mfasiri asiwe mvivu: aandike “mtoto wa kaka au wa dada”, maneno mengi zaidi, na asitafute neno moja kwa sababu Kiingereza kina moja.

Namrudia jirani yangu. Baada ya kikao cha ukoo, muhtasari wake, na safari nyingi za mahakamani, nyumba ilibaki mikononi mwake, kwa ridhaa ya mashemeji walioona aibu kumtoa. Miezi kadhaa baadaye alipanda tena, safari hii na karatasi aliyoiandika mwenyewe. Alitaka nimsahihishie Kiswahili. Aligawa vitu vyake kwa watu wawili: mtoto wa marehemu kaka yake, na msichana asiye wa ukoo aliyekaa naye miaka mingi, akimpikia na kumpeleka Muhimbili alipougua.

Nilipata makosa mawili, na hakuna hata moja lililokuwa la Kiswahili. Alimwita mtoto wa kaka yake “mpwa wangu”, bila jina la baba wala la mtoto. Na mahali pa mashahidi yule msichana alikuwa ametia saini yake, kwa mwandiko mzuri. Kwa sheria ya 1865 shahidi wa wosia hupoteza alichousiwa ndani yake. Laiti karatasi ile ingalikaa kabatini mpaka mwisho, msichana angalipoteza kila kitu kwa saini yake mwenyewe.

Aliandika karatasi nyingine. Akatafuta mashahidi wanne wasiorithi, wawili wa ukoo na wawili baki, ijapokuwa ajua kuandika na wawili wangetosha. Kwa namna hiyo hati yaweza kusimama ikipimwa kwa Sheria za Wosia za 1963 au kwa ile ya 1865. “Mpwa wangu” likawa “mtoto wa marehemu kaka yangu”, na majina kamili. Mbele ya jina la msichana nilimshauri aandike uhusiano wao, ili pasiwe na swali. Alifikiri kidogo, akauliza kama jina la uhusiano lazima liwe la damu. Nikamwambia si lazima. Akaandika: “aliyenitunza.” Hilo sikulisahihisha.